Filamu za Kutazamwa Nyumbani: Soni, Sikio na Uteuzi wa Mhakiki

Utangulizi

Ni desturi ya wahakiki wetu kuipima kazi ya sanaa kwa fani na maudhui yake, kisha kuuliza kazi hiyo inaifaa jamii kwa namna gani. Utaratibu huo umezaa matunda mema katika uhakiki wa riwaya, tamthilia na ushairi. Lakini ipo sanaa ambayo huingia katika nyumba za watu wetu kila jioni, nayo haijashughulikiwa vya kutosha katika majarida ya idara zetu. Sanaa hiyo ni filamu na michezo ya televisheni itazamwayo nyumbani. Mwalimu wa Kiswahili akiulizwa na jirani yake atazame nini na jamaa zake wakati wa likizo, aghalabu hutaja filamu zilizopata tuzo ng'ambo, au hucheka akasema kwamba hayo ni mambo ya vijana. Majibu yote mawili yana kasoro. La kwanza linampa jirani kipimo kisicho chake, na la pili linamnyima kipimo chochote.

Makala haya yanashikilia kwamba swali la jirani huyo ni swali la taaluma yetu hasa. Aidha, yanashikilia kwamba jibu lake halipatikani ndani ya filamu peke yake. Filamu ya kutazamwa nyumbani hapana budi ipimwe pamoja na kikao kinachoitazama: ni nani walioketi pamoja, desturi inawaruhusu kuona nini wakiwa pamoja, na kila mmoja wao anasikia lugha gani. Tumechagua kuthibitisha hoja hii kwa mfano wa Sironga, katika Kaunti ya Nyamira, mahali ambapo Kiswahili si lugha ya mama ya wenyeji, bali kimeingia nyumbani kwa njia ya soko, kanisa, shule, redio na sasa televisheni. Baada ya kueleza kikao hicho, tutazitazama njia ambazo filamu hufikishwa masikioni mwa watu, kisha tutaligusa suala la lafudhi na kicheko, na mwisho tutatoa mapendekezo yetu.

Kikao cha Sironga

Sironga ni mahali palipo karibu na mji wa Nyamira, katika nchi ya vilima, chai na migomba. Wakenya wengi hupajua kwa sababu ya shule yake ya upili ya wasichana. Lugha ya nyumbani ni Ekegusii. Wazee waliokomaa kabla ya mwaka 1985, yaani kabla Kiswahili hakijafanywa somo la lazima na la kutahiniwa chini ya mfumo wa 8-4-4, walijifunza Kiswahili nje ya darasa, kwa kununua na kuuza, kwa kufanya kazi mbali na nyumbani, na kwa kusikiliza redio. Vijana wamekipata darasani pamoja na Kiingereza, kisha wakakichanganya na Sheng waliyoipokea kutoka mijini. Kwa hiyo neno “Kiswahili” katika nyumba moja ya Sironga ni jina la lugha zaidi ya moja.

Katika likizo moja ya Desemba mwandishi wa makala haya alialikwa katika nyumba ya namna hiyo. Waliokuwamo ni nyanya, mwanawe ambaye ndiye mwenye nyumba, mke wa mwenye nyumba, na wajukuu wawili waliokwisha kumaliza shule ya upili. Kwa kuwa mgeni alikuwa mwalimu wa lugha, wenyeji walimtaka achague filamu. Alichagua Nairobi Half Life, filamu ya David “Tosh” Gitonga iliyotoka mwaka 2012 na hadi hivi leo ikiwa miongoni mwa filamu za Kenya zinazotajwa sana. Sababu zake zilikuwa zile za kawaida za wahakiki: filamu hiyo ilikuwa ya kwanza kupelekwa na Kenya kushindania tuzo ya Oscar ya filamu za lugha za kigeni, na mwigizaji wake mkuu, Joseph Wairimu, alitunzwa katika tamasha la Durban mwaka huo huo.

Mwanzo wa filamu uliwapendeza wote. Kijana Mwas anauza filamu za kigeni kijijini, na ili apate wateja huziigiza kwa sauti na mwili wake hadharani. Nyanya alicheka sana. Lakini Mwas alipofika Nairobi, na mambo ya jela, ya magenge na ya madanguro yalipoanza kuonekana, kikao kilivunjika kimya kimya. Mwenye nyumba aliondoka akisema anakwenda kumtazama ng'ombe. Mkewe alikumbuka kazi jikoni. Waliobaki ni nyanya, wajukuu wake na mgeni. Nyanya hakuonyesha dalili yoyote ya kuudhika. Tatizo lake lilikuwa lingine: hakusikia tena wanachosema. Aliuliza mara moja, akauliza mara ya pili, ndipo mjukuu mmoja akaanza kumfasiria kwa Ekegusii, akiongeza maelezo yake mwenyewe, mpaka kikao kikachangamka upya.

Msomaji asiyejua Gusii angeweza kudhani kwamba baba alichukizwa na uchafu wa filamu, na kwamba bibi mzee hakuelewa uchafu huo. Maelezo hayo hayatoshi. Wagusii wana kanuni iitwayo chinsoni, ambayo umoja wake ni ensoni. Robert na Barbara LeVine, wanaanthropolojia waliofanya utafiti miongoni mwa Wagusii katikati ya miaka ya 1950, waliieleza kuwa nguzo ya mahusiano ya jamaa. Wazazi na watoto wao hawashiriki pamoja mazungumzo wala mizaha ihusuyo mambo ya unyumba. Kati ya baba mkwe na mkaza mwana kanuni hiyo huwa kali zaidi. Lakini kati ya nyanya na mjukuu, au babu na mjukuu, mzaha una nafasi kubwa. Kwa hiyo baba hakuondoka kwa kuwa filamu ni mbaya. Aliondoka kwa kuwa hawezi kuitazama akiwa kati ya mama yake na wanawe. Nyanya alibaki kwa kuwa desturi ilimruhusu kubaki.

Neno lenyewe linafaa kuangaliwa na wanaisimu. Ensoni ni ndugu wa neno la Kiswahili soni, lenye maana ya haya au aibu. Ni ndugu pia wa ensonyi ya Kiganda na thoni ya Kikuyu. Mzizi huu umeenea sana katika lugha za Kibantu, na katika jamii nyingi unahusu zaidi ya hisia ya mtu mmoja. Unahusu mpangilio wa watu: nani aketi na nani, nani aseme nini mbele ya nani. Katika Kiswahili cha leo neno soni limebaki zaidi katika ushairi na maandishi, na maana yake imesogea upande wa hisia ya moyoni. Ekegusii kimeihifadhi ile maana ya kijamii. Hapa lugha ya jirani inatusaidia kuliona neno letu wenyewe kwa upana wake.

Hivyo basi tunapata kitendawili ambacho mhakiki wa chuoni hakukitarajia. Katika kikao kile, watu ambao desturi iliwaruhusu kuitazama filamu pamoja ni nyanya na wajukuu, lakini lugha ya filamu ilimfungia nyanya mlango. Watu walioielewa lugha vizuri, yaani baba na wanawe, walikatazwa na desturi kuitazama pamoja. Kosa halikuwa la filamu. Lilikuwa la mteuzi, aliyeleta kipimo cha tamasha la Durban katika sebule ya Sironga.

Njia Tatu za Kuifikisha Filamu Sikioni

Suala la nani anasikia nini linatupeleka kwenye njia zinazotumiwa kuwafikishia watu filamu iliyo katika lugha wasiyoijua. Njia hizo ni tatu: maandishi ya chini ya picha, kuingiza sauti mpya badala ya ile ya asili, na mfasiri anayesimulia filamu inapoendelea.

Maandishi ya chini ya picha ndiyo njia ipendwayo na matamasha, kwa sababu huiacha sauti ya mwigizaji ilivyo. Lakini filamu zetu zinapowekewa maandishi, mara nyingi huwa ni kwa Kiingereza, kwa ajili ya mtazamaji wa ng'ambo. Matokeo yake ni ya ajabu. Filamu iliyosemwa kwa Kiswahili na Sheng mbele ya nyanya wa Sironga humpa msaada wa kusoma mtu wa Berlin au Toronto, na nyanya haimpi msaada wowote. Hata kama maandishi hayo yangekuwa kwa Kiswahili sanifu, yangemtaka asome kwa haraka, tena kwa mbali. Njia hii ni ya jicho lililosoma, haifai sikio.

Njia ya pili ni kuingiza sauti. Mfano mashuhuri katika Kiswahili ni mchezo wa Kichina Doudou na Mama Wakwe Zake, ulioonyeshwa na televisheni ya taifa ya Tanzania mwaka 2011. Mchezo huo ulipendwa kiasi kwamba Rais Xi Jinping aliutaja katika hotuba yake alipozuru Dar es Salaam mwezi wa Machi 2013. Tukiuangalia kwa kipimo chetu, mafanikio yake si ya kustaajabisha. Mambo yake ni ya mke, mume na wakwe, yanayozungumzika mbele ya wote, na lugha yake ni Kiswahili kinachosikika. Maneno mazito hayakutegemea picha peke yake. Nchini Kenya, kinyume chake, michezo mingi ya Amerika ya Kusini imeletwa ikiwa imeingizwa sauti ya Kiingereza. Hivyo mtazamaji wa Nyamira ametakiwa avuke lugha mbili za watu wengine kabla ya kufika penye kisa.

Njia ya tatu, ambayo ndiyo yenye mambo mengi kwetu, ni ile ya mfasiri. Hii si njia mpya. Kati ya mwaka 1935 na 1937, mradi wa serikali ya kikoloni wa kuwatengenezea Waafrika filamu za mafunzo, uliokuwa na makao yake Vugiri katika milima ya Usambara, ulitengeneza filamu 35. Maelezo yake yalirekodiwa kwenye santuri kwa lugha kadhaa, Kiswahili kikiwamo, yakapigwa filamu ilipokuwa ikionyeshwa vijijini. Baadaye magari ya sinema yaliyozunguka mashambani yalikuwa na msemaji aliyeshika kipaza sauti, akawaeleza watu wanachokiona. Nia ya wakoloni ilikuwa kuongoza fikra za watazamaji. Hata hivyo mara msemaji wa kienyeji alipopewa kipaza sauti, maana ya filamu haikuwa tena mikononi mwa mtengenezaji peke yake.

Katika vibanda vya video vya miaka ya karibuni kazi hiyo imeshikwa na wasanii wenyewe. Dar es Salaam alivuma Lufufu, yaani Derek Gaspar Mukandala, ambaye sanaa yake imechunguzwa na mwanaanthropolojia Matthias Krings. Nchini Kenya jina lililoenea kupita yote ni DJ Afro. Wasanii hawa hawatafsiri neno kwa neno. Huwapa wahusika wa Hollywood, Hong Kong au India majina mapya, huwakosoa, huwaonya, huwaeleza watazamaji sababu ya jambo kabla halijatokea, na hulinganisha mji wa mbali na mtaa unaojulikana. Mtaalamu wa fasihi simulizi akiwasikiliza atatambua mara moja mbinu za fanani: takriri, tashbihi, majina ya kupachika, kuihusisha hadhira, na kuahirisha kisa ili kuongeza taharuki. Katika Ekegusii ngano huitwa emegano, na msimulizi wake hasifiwi kwa kubuni kisa kipya. Husifiwa kwa namna anavyokitoa kisa ambacho wengi wanakijua. Mfasiri wa filamu anafanya kazi ile ile, isipokuwa kisa chake kimetoka mbali.

Tusiisifu njia hii kupita kiasi. Kwanza, filamu nyingi zinazofasiriwa hivyo zimesambazwa bila idhini ya wenye haki, na mhakiki hawezi kufumba macho juu ya jambo hilo, kwani hata wasanii wetu wenyewe huumizwa na wizi wa namna hiyo. Pili, filamu zilizochaguliwa ni za mapigano kwa wingi, na sauti inayosimulia ni ya kiume karibu daima. Wanawake wa filamu hizo mara nyingi hufanyiwa mzaha ambao haumo katika filamu ya asili. Tatu, lugha yake imejaa Sheng, na kwa hiyo inamrudisha nyanya pale pale alipokuwa. Lakini kasoro hizo zinahusu matumizi ya njia, haziifuti njia yenyewe. Mjukuu wa Sironga aliyemfasiria nyanya yake alizirekebisha zote tatu kwa usiku mmoja bila kujua: filamu ilikuwa halali, mzaha wake ulipimwa na mtu aliyeketi karibu naye, na lugha yake ilikuwa Ekegusii.

Lafudhi na Kicheko

Kabla ya kufika kwenye mapendekezo, yafaa tuitazame michezo ya kuchekesha, kwa sababu ndiyo iliyokuwa shule ya kwanza ya Kiswahili cha televisheni katika nyumba nyingi za Kenya. Vioja Mahakamani ulianza zama za Sauti ya Kenya, kabla shirika hilo halijawa tena KBC mwaka 1989. Vitimbi ukaupa umma Mzee Ojwang na Mama Kayai. Baadaye televisheni ya Citizen ilileta Inspekta Mwala, na Papa Shirandula, mchezo ulioanza mwaka 2007 na ambao kiongozi wake, Charles Bukeko, alifariki mwezi wa Julai 2020.

Wapo wenzetu walioilaumu michezo hii kwa kuharibu Kiswahili. Wanasema kwamba wahusika huongea Kiswahili kibovu kilichojaa lafudhi za makabila, na kwamba watoto huiga ubovu huo. Wengine wamesema jambo zito zaidi: kwamba mchezo unapowafanya watu wacheke lafudhi, unawafundisha kwamba mwenye lafudhi ni mjinga. Hoja hii ya pili haifai kupuuzwa. Mgusii ambaye lugha yake haina sauti ya /l/ kama ilivyo katika Kiswahili huitamka /r/ mahali pake, na tangu shuleni amechekwa kwa hilo. Nyanya anayesikia matamshi kama yake yakichekwa sebuleni kwake mwenyewe, mbele ya wajukuu zake, anaweza kunyamaza kabisa katika lugha hiyo.

Hata hivyo tunaona kwamba michezo iliyo bora haifanyi hivyo. Katika Vioja Mahakamani, mahakama husema lugha ya sheria na ya utaratibu. Mshtakiwa husema lugha ya nyumbani kwake iliyovaa nguo ya Kiswahili. Kicheko hutokea pale lugha hizo mbili zinapogongana, na mara nyingi kinaipata lugha ya wenye mamlaka, ambayo haiwezi kumjibu mtu anayetoa sababu za kawaida kwa maneno ya kawaida. Kadhalika ni jambo la kukumbukwa kwamba Mzee Ojwang wa lafudhi ya Kijaluo aliigizwa na Benson Wanjau, ambaye hakuwa Mluo bali Mkikuyu, naye alifariki mwezi wa Julai 2015. Lafudhi ile haikuwa udhaifu wa msemaji. Ilikuwa ufundi uliojifunzwa kwa kusikiliza watu wengine kwa makini. Mtoto akielezwa jambo hilo ataisikia lafudhi kwa namna nyingine.

Michezo hii ina sifa moja zaidi ambayo wahakiki wameisahau. Inspekta Mwala ulijulikana pia kama mchezo wa redio, na hata ile iliyozaliwa katika televisheni imejengwa juu ya mazungumzo. Mtu aliye jikoni anayekoroga ugali huweza kuifuata bila kuiona picha. Kwa wale wanaoipima filamu kwa ufundi wa kamera, hiyo ni kasoro. Kwa nyumba ambayo mke wa mwenye nyumba haketi mpaka chakula kiive, ni fadhila kubwa.

Mapendekezo

Kutokana na hayo tuliyoyaeleza, tunapendekeza kazi zifuatazo, tukitaja kwa kila moja kikao kinachoifaa.

Ya kwanza ni Supa Modo ya Likarion Wainaina, iliyotoka mwaka 2018. Inamhusu Jo, mtoto wa kike mgonjwa asiyetarajiwa kupona, ambaye anarudishwa nyumbani kutoka hospitali. Mtoto huyu anapenda mno filamu za mashujaa wenye nguvu zisizo za kawaida. Dada yake Mwix anamshawishi aamini kwamba naye anazo nguvu hizo, na hatimaye kijiji kizima kinashiriki kumtengenezea filamu. Filamu hii inaweza kutazamwa na kikao chote bila mtu kuondoka, kwa kuwa hakuna ndani yake jambo linalovunja chinsoni. Lakini isidhaniwe kuwa ni nyepesi. Inauliza swali gumu: je, ni upendo au ni udanganyifu kumficha mtoto ukweli wa kifo? Mama anataka mtoto apumzike. Dada anataka afurahi. Filamu haimhukumu yeyote. Nyanya wa Sironga, ambaye amezika watu wengi kuliko sote, ana mengi ya kusema juu ya swali hilo, na wajukuu wana haja ya kumsikia. Lugha zake ni Kiswahili, Kiingereza na Kikuyu; kwa hiyo mfasiri wa nyumbani atahitajika hapa na pale. Kasoro yake ni kwamba wakati mwingine inautaka moyo wa mtazamaji ulie kabla haujapewa sababu ya kutosha. Tunaisamehe kasoro hiyo.

Ya pili ni Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza Toronto mwaka 2021. Imetokana na riwaya ya Adam Shafi ya jina hilo hilo iliyotoka mwaka 1999, na inaturudisha Unguja ya miaka ya 1950: Yasmin anayeikimbia ndoa aliyoozwa kwa mume mzee, na Denge anayepigania uhuru. Tunaipendekeza kwa watu wazima wa rika moja, na hasa kwa walimu. Mapenzi yake yamepigwa picha kwa staha, lakini si ya kutazamwa na baba pamoja na binti yake. Kiswahili chake ni cha Unguja, na sikio la bara litakwama mahali fulani. Kukwama huko kuna faida, kwani humfanya mtu aulize. Filamu imechagua ukimya, vivuli na mwendo wa polepole mahali ambapo riwaya ina maneno mengi, porojo za mitaani na ucheshi. Kwa hiyo tunashauri filamu na kitabu vitumiwe pamoja: jioni moja watu wasomeane sura chache kwa sauti, jioni ya pili waitazame filamu, kisha waulizane ni nini kilichoachwa na kwa nini. Zoezi hilo litamfundisha mwanafunzi wa fasihi mengi juu ya tofauti ya riwaya na filamu.

Ya tatu ni Nairobi Half Life yenyewe. Hatuifuti katika orodha kwa sababu ya usiku ule. Tunaiweka mahali pake: itazamwe na vijana waliokwisha kukua, bila watoto, na pasiwe na wazazi wao. Nyanya akitaka kuwapo, awepo pamoja na mfasiri wake. Thamani yake ni kubwa kwa wanaisimu, kwani inaonyesha jinsi Kiswahili, Sheng, Kikuyu na Kiingereza vinavyogawana kazi katika maisha ya kijana mmoja. Mwas ana lugha ya nyumbani, lugha ya genge na lugha ya jukwaa la maigizo, na msiba wake ni kwamba hawezi kuzikalisha pamoja. Tena tusisahau kwamba anaanza maisha yake ya sanaa akiwa mfasiri wa filamu za watu wengine kijijini.

Mwisho ni ile michezo ya kuchekesha tuliyoitaja. Tunapendekeza vipindi vya Vioja Mahakamani na Vitimbi kwa kikao chote, kila siku iwezekanapo, na hasa jioni ambazo kuna kazi jikoni. Tunaomba jambo moja tu: mtu mzima mmoja akae karibu na watoto, awaulize wanacheka nini. Wakicheka matamshi, awaeleze habari za Benson Wanjau. Wakicheka hakimu aliyeshindwa kujibu, awaache wacheke.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba kumpendekezea mtu filamu ya kutazama nyumbani ni kitendo cha uhakiki kinachohitaji maarifa ya lugha na ya desturi kwa pamoja. Kipimo cha tuzo hakitoshi, wala kipimo cha usanifu wa Kiswahili hakitoshi. Maswali mawili yatangulie: je, waliomo katika kikao hiki wanaweza kuitazama kazi hii pamoja bila kuvunjiana heshima, na je, kila mmoja wao ataisikia?

Kutokana na hayo tuna maombi mawili kwa idara zetu. La kwanza ni kwamba ufasiri wa filamu, ule wa vibandani na ule wa nyumbani, uingizwe katika masomo ya fasihi simulizi na ya tafsiri, na wanafunzi watumwe kuurekodi kwa idhini ya wenyewe. Wajukuu wanaowafasiria nyanya zao kwa Ekegusii, Kimeru, Kidigo au Kisukuma wanafanya kazi ya lugha ambayo hakuna anayeihesabu, na wajukuu hao wanapohamia mijini kazi hiyo inakoma bila kuacha alama. La pili ni kwamba watengenezaji wa filamu za Kiswahili washauriwe kufikiria sauti ya msimulizi katika lugha zetu za nyumbani, kama wanavyofikiria maandishi ya Kiingereza kwa ajili ya matamasha. Redio imekwisha kuonyesha kwamba jambo hilo linawezekana: kituo cha Egesa hutangaza kwa Ekegusii, na wasikilizaji wake si haba. Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, na papo hapo imeitaka dola iziendeleze na kuzilinda lugha za wananchi. Kazi hizo mbili hazipingani. Katika nyumba ile ya Sironga zilifanywa kwa wakati mmoja, na kijana mmoja, juu ya kochi moja.

Siku ya pili mwenye nyumba alimwomba mgeni achague tena. Mgeni hakuchagua kabla ya kuuliza ni nani watakaoketi.